Mama Hapana na Folda ya Wafanyakazi

Wifi yangu hagongi milango iliyofungwa tu. Hata iliyo wazi anagonga. Unaweza kuwa umekaa sebuleni, mlango umeachwa upate hewa, mnatazamana uso kwa uso, na bado atasimama kizingitini agonge ubao kwa kidole kimoja mpaka umwambie pita. Na ukimtuma kalamu ndani ya mkoba wako hakuletei kalamu. Anakuletea mkoba mzima, ameushika kwa mbali kama mtoto aliyejikojolea, anakuwekea mapajani, utafute mwenyewe.

Siku za kwanza za ndoa yangu nilidhani ni maringo. Nikamwambia mume wangu, huyu dada yako anajisikia sana. Mume wangu akacheka. Akasema alikuwa hivyo tangu utoto wao. Siku moja mama yao alimtuma sukari kwa jirani, akakuta mlango wazi, sukari iko mezani, jirani mwenyewe yuko uani anafua na maji yanamwagika hasikii hodi. Akarudi mikono mitupu kwa sababu hakuna aliyemwambia chukua. Alichapwa. Kesho yake akatumwa tena, akafanya vilevile, akachapwa tena, na mama mkwe wangu ndiye aliyechoka kwanza.

Huyo ndiye mwanamke ambaye hospitali yetu ilimkabidhi seva.

Mimi nakaa mapokezi, dirisha la kwanza ukiingia. Yeye anakaa nyuma ya ngazi, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Godoro moja lililochanika bado limeegemea ukuta kwa sababu hakuna idara iliyokubali kuwa ni lake, na yeye hawezi kutupa kitu kisicho chake. Seva ni sanduku jeusi lenye taa za kijani na feni inayonguruma mchana kutwa. Ndani yake mna kila kitu cha hospitali: miadi, dawa, majibu ya maabara, picha za mifupa. Pembeni kuna sanduku jingine kama hilo, la akiba, ambalo limewekewa programu zilezile ili likae tayari la kwanza likifa.

Wafanyakazi walimpa jina la Mama Hapana. Mhasibu alitaka kuchungulia mafaili ya famasia: hapana. Daktari wa meno alitaka kuhifadhi video ya harusi yake ndani ya seva: hapana, daktari, na hongera. Mimi mwenyewe, wifi yake, mke wa kaka yake wa damu, nilimwomba anifungulie tamthilia kwenye kompyuta ya mapokezi, kwa siri, saa za mchana watu wakipungua. "Hapana, wifi," akasema, na kesho yake akaniletea pakiti ya biskuti kunipoza. Biskuti nilikula. Hasira sikumeza.

Alipenda kunieleza kazi yake, nami nilipenda kumkatiza, lakini hili liliniingia. Alisema mashine ni nyumba ya kupanga. Kila programu ni mpangaji. Mpangaji unampa ufunguo wa chumba chake na ruhusa ya kutumia bomba la uani, basi. Humpi ufunguo wa chumba cha jirani ati kwa kuwa ana sura nzuri. Na kila faili humo ndani lina mwenyewe, na pembeni ya jina la mwenyewe kumeandikwa nani anaruhusiwa kusoma, nani anaruhusiwa kuandika, na nani asisogee kabisa. Kupanga hayo yote ndiyo ilikuwa kazi yake. Ukimuuliza kwa nini fulani haruhusiwi, anakuuliza kwa nini aruhusiwe.

Sasa niseme langu, maana bila hilo utaona habari hii ni ya mashine tu.

Mimi nina kifafa. Kiliniacha nikiwa mdogo, nikajua tumeachana, kikanirudia mwaka nilioajiriwa. Nilianguka nyumbani, jikoni, mume wangu akanidaka. Daktari wa hospitalini kwetu akanifunga nyaya kichwani, mashine ikachora umeme wa ubongo wangu, na mchoro ule ukahifadhiwa kwenye folda ya wafanyakazi, pamoja na majibu ya wenzangu wote waliowahi kutibiwa pale. Namshukuru Mungu dawa zinanifaa. Nazimeza asubuhi na jioni na tangu nizianze sijaanguka tena. Lakini jambo hili lilijulikana kwa daktari na kwa mume wangu, na nilitaka libaki hapohapo. Kila siku nikikaa kwenye dirisha lile nilijua kwamba Mkurugenzi akilijua, dirisha si langu tena.

Sikuwa naota. Dereva wa gari la wagonjwa alipigwa chini kwa sababu ya kisukari. Kisukari chake alikitunza vizuri kuliko gari, na gari lile lilikuwa linang'aa. Jibu lake lilisahaulika juu ya meza fulani, likamfikia Mkurugenzi, na mkataba ulipokwisha hakupewa mwingine. Alikuja kuniaga dirishani, ameshika kofia, akasema, "Dada, mimi naondoka na sukari yangu." Tulicheka wote wawili na tulikuwa tunataka kulia.

Na Mama Hapana je? Yeye ndiye mwenye akaunti kuu ya mashine, ile isiyozuiwa na mlango wowote. Nilikuwa na hakika ameshasoma. Nani angeweza kukaa na mafaili ya watu wote asichungulie hata la wifi yake? Mimi ningechungulia! Tukiwa mezani nyumbani, maana tunakaa naye, nilimwangalia usoni anapopakua, nikitafuta huruma. Sikuona chochote zaidi ya mtu anayetaka mchuzi uongezwe chumvi. Nikajua anajifanya.

Ndipo ikaja programu mpya. Mkurugenzi aliinunua kutoka kampuni fulani, na kampuni ikamtuma fundi wake kuja kuisimika, kijana mpole mwenye miwani mizito tuliyempa jina la Miwani kabla hajafika ngazi. Programu ikawekwa kwenye seva, ikawaka, lakini kila daktari alipotaka kuhifadhi jibu, skrini ilimwambia amekataliwa. Miwani akasema ni jambo dogo. Kuna amri ya namba, saba tatu, yaani saba iliyorudiwa mara tatu, ambayo ukiipiga juu ya folda, kila mtu na kila programu inaruhusiwa kusoma, kuandika na kuendesha vyote vilivyomo. Kwao wanapiga saba tatu mambo yanaisha.

"Hapana," akasema wifi yangu.

"Dada, ni kwa muda tu."

"Kaka yangu, nani aliwahi kurudi kufunga?"

Miwani akakuna kichwa, akacheka, kwa sababu kweli hakuna aliyewahi kurudi. Wifi yangu akaitengenezea programu akaunti yake yenyewe, akaifanya mmiliki wa folda zile tu ilizozihitaji, ile ya wagonjwa wa nje na ile ya waliolazwa, akaizuia kwingine kote. Majibu yakaanza kuhifadhika. Madaktari wakafurahi, Miwani akasema hata yeye amejifunza kitu, na folda ya wafanyakazi ikabaki kama ilivyokuwa, kwa madaktari wenye wagonjwa wao humo, basi.

Mkurugenzi ndiye hakufurahi. Asubuhi moja alisimama na afisa utumishi hatua mbili kutoka dirishani kwangu. Watu wakubwa huamini mtu wa mapokezi ni sehemu ya meza. Alisema, "Mikataba yote inakwisha mwezi huu. Sisaini hata mmoja kabla sijajua afya ya kila mtu. Nimenunua programu kwa sababu hiyo, halafu nikibonyeza naambiwa sina ruhusa. Sina ruhusa! Kwenye hospitali yangu!" Afisa utumishi akasema ndiyo mzee, ndiyo mzee. Mimi nikawa nampigia mgonjwa muhuri kwenye kadi, nikapiga muhuri ule mara nyingi kuliko kadi ilivyohitaji.

Alipoelekea nyuma ya ngazi nilimfuata. Nilichukua waya wa chaji mkononi kuwa kisingizio.

"Mama," Mkurugenzi akaanza, kwa sauti ya kirafiki, "naambiwa kuna folda haifunguki."

"Inafunguka, mzee. Kwa daktari wa mgonjwa."

"Mimi ni mkurugenzi."

"Najua, mzee. Ndiyo maana ofisi yako ina zulia."

Nilikaza meno nisicheke. Mkurugenzi hakucheka pia.

"Nataka wakuu wa idara waone kila kitu. Uwazi. Hatuna cha kufichana hapa, sisi ni familia."

"Vizuri sana," akasema wifi yangu, akazungusha kiti chake kumkabili. "Basi tuanze na la kwako. Nitamwomba daktari wako anipe ruhusa, tulibandike pale mlangoni kwenye ratiba, na presha kama unayo, na tezi kama unayo, familia isome. Tukimaliza la kwako nifungue la mfagizi."

Mkurugenzi shingo ilimvimba. Akasema anatoa amri, si ombi: ama afungue, ama atoe neno la siri la akaunti kuu, afungue mwingine, na yeye aende nyumbani mpaka atakapoitwa, kama ataitwa.

Nilitegemea atasema hapana. Nilikuwa naisubiri ile hapana yake kama dawa.

"Mashine ni ya hospitali, na neno la siri ni la hospitali," akasema. "Nakupa sasa hivi, na wifi yangu ni shahidi. Lakini mkono wangu sikupi. Atakayefungua afungue kwa mkono wake." Akamtajia neno la siri polepole, akarudia, akahakikisha ameliandika sawasawa kwenye simu. Kisha akachukua pochi yake na kikombe chake, akatoka. Godoro akaliacha.

Nyumbani jioni nilimlipukia. Alikuwa anakunja nguo zilizokauka, za kwake kwa upande wake na za kwetu kwa upande wetu, soksi za kaka yake hata hazigusi.

"Umempa!" nikasema. "Wifi, umempa!"

"Ni lake."

"Na folda je?"

"Folda si yake, na nimemwambia."

"Kumwambia kunamzuia nini? Kesho atakuwa anatusoma kama gazeti!"

Akaweka chini shati alilokuwa nalo. "Ningemnyima neno la siri, ningekuwa nimemwibia mashine yake. Ningefungua mwenyewe, ningekuwa nimewaibia wenye mafaili. Sikutaka kuwa mwizi wa upande wowote, wifi. Na usidhani nimetoka nimekaa kimya. Nimepita kwa mkuu wa maabara na kwa kila daktari mwenye mgonjwa ndani ya folda ile, nikawaambia kitakachofanyika na nani kakiagiza. Nimewagongea mlango mmoja mmoja. Sasa wenye wagonjwa wanajua."

Sikuridhika. Nilikuwa nataka amlinde mtu mmoja, ambaye ni mimi, na yeye ananieleza habari za wizi. Nilimeza dawa zangu chumbani nikiwa nimekasirika, nikapaliwa na maji.

Kesho yake Miwani aliitwa mapema. Mkurugenzi alisimama nyuma yake, maana alitaka iwe imekwisha kabla madaktari hawajaanza kupiga kelele, na wawili kati yao walikuwa tayari wako koridoni wamekunja mikono. Niliyasikia baadaye kutoka kwa Miwani mwenyewe. Alipiga saba tatu kwenye folda ya wafanyakazi. Programu bado ikakataliwa, kwa sababu folda hiyo ilikuwa ndani ya folda nyingine iliyofungwa. Akapanda juu, akafungua ile nayo. Bado. "Mzee alikuwa ananipumulia shingoni," aliniambia. Akapanda tena, na tena, kila mlango aliofungua ukampeleka kwenye mwingine, mpaka akachoka, akapanda hadi juu kabisa penye mlango wa nyumba nzima, akaamuru kila faili la mashine, tangu la kwanza hadi la mwisho, liwe wazi kwa kila mtu. Halafu, ili mabadiliko yashike vizuri, akaizima mashine na kuiwasha.

Haikurudi. Yaani taa zilirudi, feni ikanguruma, lakini ndani hakuna aliyeitika. Wifi yangu alinieleza baadaye kwa furaha ya wazi kabisa. Programu inayotunza kumbukumbu zote imetengenezwa hivi: ikiamka ikakuta chumba chake kiko wazi kwa kila mpita njia, haifanyi kazi. Inakataa. Na ule mlango ambao kompyuta nyingine hupitia kuingia kwenye seva, ukikuta funguo zake zimeachwa kila mtu azishike, nao unakataa kuziamini, haufunguki kwa yeyote. Kwa hiyo alivyofungua zaidi ndivyo alivyofungiwa zaidi, na Mkurugenzi hakusoma hata mstari mmoja wa mtu.

Lakini wakati ule mimi sikuwa na habari hiyo ya kunifurahisha. Nilichojua ni skrini yangu nyeupe na foleni iliyofika hadi kwenye ngazi za nje. Mama mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, ameambiwa jibu la damu liko tayari, na jibu halionekani. Mzee mwingine alikuwa na miadi, lakini hakuna aliyejua ni ya daktari gani, na yeye mwenyewe alikuwa amemsahau. Nikatoa karatasi, nikaanza kuandika watu kwa mkono. Madaktari walitoka vyumbani. Mkuu wa maabara, mama mnene mwenye sauti inayosikika ghorofa zote, aliuliza ni nani aliyegusa mashine, ingawa alishaambiwa.

Miwani akaja dirishani kwangu, shati limemganda mgongoni. Nampa haki yake: hakumsingizia mtu.

"Dada, nimeharibu," akasema. "Kuingia naweza, nikikaa palepale kwenye seva. Lakini kila faili lilikuwa na mwenyewe na masharti yake, na mimi nimeyafuta yote. Sijui tena nini kilikuwa cha nani. Naomba namba ya wifi yako."

Nikamtazama Mkurugenzi. Akatazama foleni. "Mwite," akasema, kama mtu anayetema mbegu.

Nikapiga. "Anakuita," nikamwambia.

"Sijamsikia," akasema wifi yangu.

Ikabidi nimpe Mkurugenzi simu. Sijui aliambiwa nini, alisema tu "ndiyo" na "naomba", na hilo la pili lilimtoka kwa shida.

Alikuja kutoka saluni. Alikuwa ameamua likizo ya lazima asiipoteze bure, na simu ilimkuta amesukwa nusu ya kichwa: upande wa kulia mistari safi, upande wa kushoto nywele zimesimama zinashangaa. Alipita katikati ya foleni hivyohivyo, na kandambili, na hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa yule mtoto mgongoni. Alifika mbele ya dirisha langu, akasimama. Hakwenda nyuma ya ngazi.

"Nitafanya," akasema. "Lakini kabla sijagusa kitu, mzee, useme hapa kwamba folda ya wafanyakazi inarudi kwa madaktari wao, peke yao, na hakuna mwingine atakayeifungua bila mwenye faili kukubali."

"Tutaongea ofisini."

"Ofisini kuna zulia. Maneno yanapotelea humo. Hapa."

Mkurugenzi akaanza kueleza habari za usimamizi na usalama wa taasisi. Alipanga maneno vizuri, nikaona baadhi ya watu kwenye foleni wanaanza kumwitikia kwa kichwa. Hapo sijui nini kiliniinua. Nilikuwa nimekaa, nikajikuta nimesimama, nimeshika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili.

"Na langu limo humo," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Sitaki lisomwe. Na sisemi mna nini."

Mkurugenzi akageuka, akaniona kwa mara ya kwanza tangu aniajiri. Nilijua nimejitia kitanzi, kwamba sasa ana jina la kuanzia, na sikurudi nyuma. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe nimesimama.

Mfagizi alikuwa pale na ndoo yake. Akaegemeza fagio ukutani. "Na langu limo," akasema. "Ni minyoo tu, watu wote wajue. Lakini ni minyoo yangu."

Foleni ililipuka kwa kicheko. Mkuu wa maabara naye, bila kucheka, akasema maabara yake haitatoa jibu la mfanyakazi yeyote mpaka masharti yale yakubaliwe, na madaktari wawili wa koridoni wakasogea wakasimama pembeni yake. Yule mama wa mtoto akamwuliza Mkurugenzi, kwa heshima kabisa, "Baba, kwani wewe ukilisoma, sisi tunapona?"

"Sawa," akasema Mkurugenzi. "Sawa. Irudishwe kwa madaktari wao."

"Peke yao," wifi yangu akasema.

"Peke yao!"

"Mmesikia wote," akasema mkuu wa maabara.

Ndipo akaenda nyuma ya ngazi. Niliacha dirisha kwa mwenzangu kidogo nikamchungulia. Alimkalisha Miwani kwenye kibodi, yeye akakaa kwenye seva ya akiba. "Wewe ulifungua, wewe utafunga," akamwambia, bila ukali. "Mimi nitakusomea." Akawa anaangalia kwenye ile mashine ya akiba folda hii ni ya nani na inaruhusu nani, anamtajia, Miwani anapiga, wanahamia nyingine. Mambo ya mashine yenyewe kwanza, kisha mlango wa kuingilia, kisha chumba cha kumbukumbu, kisha idara moja baada ya nyingine. Folda za hospitali hazikuwamo kwenye ile ya akiba, hizo alizitoa kichwani, na pale alipokuwa hana hakika alimtuma mtu akaulize idara yenyewe badala ya kukisia. Mchana ukiwa umekwenda, skrini yangu ikajaa majina. Mama wa mtoto akapata jibu lake. Lilikuwa jema.

Mikataba ikasainiwa mwisho wa mwezi. Wangu ulikuwa wa mwaka, kama kawaida. Wa wifi yangu ulikuwa wa miezi mitatu. Afisa utumishi alimkabidhi akiwa anaangalia pembeni. Wifi yangu alisoma kila ukurasa, akasaini, akasema miezi mitatu ni mingi ikitoka kwa mkubwa anayemwogopa, na akarudi kwenye godoro lake.

Nywele zake, kabla ya hayo ya mikataba, zilikaa nusu chini ya kitambaa mpaka mwisho wa wiki ile, maana msusi wake alikasirika kuachwa katikati ya kazi akakataa kuzimalizia. Nikasema nitamsuka mimi. Alikaa sakafuni sebuleni, mgongo kwenye kochi, kichwa katikati ya magoti yangu. Mume wangu alikuwa ametoka. Nilikuwa na maneno yaliyonikaa kooni tangu siku ile, na ni rahisi kumwambia mtu jambo ukiwa umemshika kichwa.

"Wifi," nikasema. "Asante kwa kunificha."

"Kukuficha nini?"

"Unajua."

Akageuka, kitana kikabaki kwenye nywele. "Sijui. Nini?"

"Faili langu. Yale majibu. Umekaa nayo muda wote huu, hukusema."

"Nilijua una faili," akasema. "Kila mtu analo. Naona jina lake, mwenyewe, na nani anaruhusiwa. Ndani sijawahi kuingia. La kwako nitaliingiaje? Hata la mfagizi mpaka alipojisemea mwenyewe sikujua ni minyoo."

Nilimtazama usoni kama nilivyozoea kumtazama mezani. Ulikuwa uleule, hapakuwa na kitu. Hakujifanya siku hata moja. Alikuwa ameacha kazi yake, akamtajia Mkurugenzi habari za tezi, akasimama mbele ya watu na nusu ya nywele, na wala hakujua kama mimi nina mafua au nakufa. Nikaweka mikono yangu mabegani kwake.

"Basi nikwambie," nikasema.

"Subiri." Akainua kidole, kile anachogongea milango. "Unaniambia kwa sababu unataka nijue, au unanilipa? Kama unanilipa, sitaki. Suka nywele."

Nikafikiri kweli, maana alistahili nifikiri. "Nataka ujue," nikasema.

"Haya. Sema."

Nikamwambia. Jikoni, kuanguka, nyaya kichwani, dawa, dereva na sukari yake, dirisha langu, yote. Hakunikatiza. Hakuweka mkono mdomoni wala hakusema pole. Nilipomaliza akauliza, "Sasa ukianguka pale mapokezi, nifanye nini?"

"Unigeuze ubavu. Uondoe vitu vya kunigonga. Ukae hadi kiishe."

"Nikutie kijiko mdomoni?"

"Usinitie kitu mdomoni."

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko, wifi."

Akarudia polepole, ubavu, vitu, kukaa, hakuna kijiko, kama alivyolirudia kwa Mkurugenzi lile neno la siri. Kisha akageuza tena mgongo, akaniachia kichwa.

"Nani mwingine anajua?"

"Daktari. Kaka yako. Na wewe."

"Basi ni hao," akasema. "Akihitajika wa nne utamwongeza mwenyewe. Haya maliza, shingo inaniuma."